Jimmy Chamberlin: jazz ilimpa nini mpiga dramu wa Smashing Pumpkins?

Kila anapotajwa Jimmy Chamberlin, mpiga dramu wa bendi ya roki ya Smashing Pumpkins, sentensi moja haikosi: kwamba alitokea kwenye jazz. Waandishi huitupia tu na kuendelea na safari, kana kwamba imejieleza. Kwa msomaji wa Kiswahili haijajieleza, tena inaweza kumpoteza, maana neno jazz kwetu lina ukoo wake. Dar es Salaam Jazz, bendi iliyoanza miaka ya 1930, ilikuwa bendi ya dansi. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi ya dansi. Western Jazz, Tabora Jazz, hata OK Jazz ya Franco kule Kongo, zote zilipiga dansi na rumba. Jazz katika majina hayo ilimaanisha bendi ya kisasa, ya mjini, yenye magitaa na mabati ya kupuliza. Mzee aliyecheza enzi hizo ukimwambia fulani ni mpiga dramu wa jazz, atawaza tumba, gitaa la solo na ukumbi wenye joto.

Chamberlin hatoki huko. Jazz yake ni ile ya Wamarekani Weusi, iliyozaliwa New Orleans, ikahamia Chicago na New York, na ambayo kwa mpiga dramu ina madai ya ajabu ambayo roki haina. Na hapo ndipo swali linapoanza. Roki mbadala ya miaka ya 1990 ilikuwa muziki wa vijana wengi waliojifunzia ala gereji, waliojivunia kutojua sana. Mtu mwenye mikono iliyosomea jazz alikuwa anatafuta nini pale? Na je, kweli unaweza kuisikia hiyo jazz katika nyimbo zake, au ni pambo la wasifu tu?

Jibu langu ni kwamba inasikika, ila watu wengi huitafuta mahali pasipo. Huitafuta kwenye kasi.

Tuanze na kazi yenyewe. Katika roki ya kawaida mpiga dramu ana jukumu moja zito: hesabu ni moja, mbili, tatu, nne, na kwenye mbili na nne snea inapasuka. Snea ni ile dramu ndogo iliyo katikati ya magoti, yenye nyuzi za chuma chini yake zinazoipa mlio wa kukwaruza. Ukiacha kupasua mbili na nne, watu wanaacha kutikisa vichwa. Dramu ya mguu inajaza moja na tatu, toazi linahesabu, na nyumba inasimama. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, lakini ramani yake ni fupi.

Kwenye jazz, kuanzia miaka ya 1940 wapiga dramu kama Kenny Clarke waliihamisha hesabu kutoka mguuni na kuipeleka kwenye toazi kubwa la mkono wa kulia: tiing, ti-ka-tiing, ti-ka-tiing. Toazi likishika saa, mguu na mkono wa kushoto vinakuwa huru. Havihesabu tena, vinaongea. Mpuliza tarumbeta akitupa sentensi, snea inamjibu. Akinyamaza kuvuta pumzi, dramu ya mguu inachomekea neno. Kwa hiyo mpiga dramu wa jazz hukaa muda wote akiwa amemtegea sikio mwenzake. Akicheza mwenyewe tu, hata kwa ufundi wa kutisha, wenzake watamwambia hasikilizi, na hilo katika jazz ni tusi.

La pili ni mikono. Weka mikono yako miwili mezani ujaribu hili: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Rudia bila kusimama. Utagundua kwamba kila kundi la mapigo manne linaanza na mkono tofauti. Zoezi hili ni moja ya yale ambayo wapiga dramu huyaita rudimenti. Asili yake ni dramu za jeshi, na mwaka 1933 wapiga dramu wa Marekani walikutana Chicago wakaunda chama cha kuyahifadhi. Orodha waliyoiacha ina mazoezi 26. Mpiga dramu wa kwaya moja ya mtaani kwetu aliwahi kunionyesha zoezi hilo kwa vijiti viwili juu ya kiti cha plastiki. Mwanzo alipiga mapigo yote sawa, na kwa kweli lilikuwa kelele tu. Kisha akasema, "Sasa sikia," akaanza kulipa uzito pigo la kwanza peke yake na mengine matatu akayashusha hadi yakawa kama mtu anayekuna mkeka. Ghafla kiti kilikuwa na wimbo. Mikono ilifanya kile kile, kwa kasi ile ile. Kilichobadilika ni ukubwa wa sauti wa kila pigo.

Yale mapigo matatu ya mnong'ono ndiyo elimu ya jazz ninayoizungumzia. Mpiga dramu wa jazz hujifunza kuwa na ngazi kumi kati ya kimya na radi, na kupanda na kushuka ngazi hizo kwa mkono mmoja huku mwingine ukibaki ulipo. Kasi ni matokeo tu. Mikono iliyolegea kiasi cha kunong'ona inaweza pia kukimbia.

Chamberlin alizaliwa Juni 1964 huko Joliet, mji wa viwanda jimboni Illinois, kusini-magharibi ya Chicago. Baba yake alipuliza klarineti, kaka yake alipiga dramu, na yeye alianza akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Walimu wake walimpitisha kwenye mitindo ya bendi kubwa za jazz, midundo ya Kilatini na ya Brazili. Mashujaa anaowataja ni wapiga dramu wa jazz: Gene Krupa, ambaye ni mtoto wa Chicago, Buddy Rich, Tony Williams, Elvin Jones. Na pembeni yao watu wa roki kama Ian Paice, Keith Moon na John Bonham. Orodha hiyo yenyewe inaonyesha kuwa ukuta kati ya nyumba hizi mbili haukuwa mnene. Bonham wa Led Zeppelin alimsikiliza Krupa. Charlie Watts wa Rolling Stones alikuwa mtu wa jazz aliyepata ajira kwenye roki, na hakulificha hilo maisha yake yote. Mitch Mitchell, aliyekaa nyuma ya mpiga gitaa Jimi Hendrix, ukimsikiliza vizuri unamsikia Elvin Jones akipita. Kwa hiyo Chamberlin hakuvumbua njia, alikuta mapito.

Ila kuna kipande cha wasifu wake ambacho wapenda jazz hukiruka kwa aibu, nami nadhani kina uzito sawa na Krupa wote. Kabla ya roki, Chamberlin alipiga polka. Chicago na vitongoji vyake vimejaa wajukuu wa wahamiaji wa Kipolandi na wa nchi jirani, na polka, muziki wa akodiani unaokwenda mbili-mbili kwa mwendo wa mbio, ulikuwa na kumbi zake na hata vipindi vyake vya televisheni. Baadaye akaingia bendi ya maonyesho iliyoitwa JP and the Cats, moja ya zile zinazopiga usiku baada ya usiku nyimbo ambazo watu wanazijua. Huko hakuna anayekupigia makofi kwa ubunifu. Unatazama miguu ya wanaocheza: ikisita, kosa ni lako. Wapigaji wetu wa dansi wanaijua shule hiyo vizuri. Mtu aliyepita jazz bila kupita kwenye miguu ya watu huwa anapiga kwa ajili ya wapiga dramu wenzake. Chamberlin alipita kote kuwili, na nadhani ndiyo maana hata anapomwaga mapigo thelathini ndani ya nafasi ya kumi, wimbo haumponyoki.

Kisha akachoka. Aliacha bendi, akawa anafanya kazi ya ujenzi wa nyumba na shemeji yake. Hapo ilikuwa 1988.

Chicago kwenyewe, kijana mrefu aitwaye Billy Corgan alikuwa na bendi changa: yeye, mpiga gitaa James Iha, na D'arcy Wretzky kwenye gitaa la besi. Dramu hawakuwa nayo. Walitumia mashine ya midundo, na muziki wao ulikuwa wa huzuni, wa polepole, wa kuiga bendi za Uingereza kama The Cure. Joe Shanahan, mwenye ukumbi wa Metro uliokuwa lango la muziki mpya pale Chicago, alikubali kuwapa nafasi ya kupiga, kwa sharti moja: watafute binadamu wa kupiga dramu. Rafiki mmoja akamtaja Chamberlin.

Wenzake wamekuwa wakiisimulia siku aliyofika mazoezini kwa kucheka. Wao walikuwa vijana wa kuvaa nguo nyeusi na kujikunja uso. Aliingia mtu mwenye fulana ya waridi, jinzi zilizopaushwa, nywele fupi mbele ndefu nyuma, na seti ya dramu ya rangi ya manjano. Roki mbadala hakuijua. Walitamani ardhi ipasuke. Akaketi, akapiga nyimbo zao zote, alizokuwa amezisikiliza kwenye kaseti, na kwa zoezi hilo moja wakawa tayari kwa jukwaa. Oktoba 5, 1988 walipanda Metro wakiwa wanne.

Kilichofuata Corgan mwenyewe amekieleza mara kadhaa: baada ya mazoezi mawili matatu aliona kwamba nguvu ya mtu huyu inawawezesha kupiga roki nzito ambayo hawakuwahi kuiwaza. Liangalie hilo kwa makini. Kwa kawaida mtunzi huandika wimbo na mpiga dramu anaufuata. Hapa mpiga dramu aliingia, na mtunzi akabadilisha aina ya nyimbo anazoandika. Bendi ya huzuni ikawa bendi ya ngurumo.

Albamu ya kwanza, Gish, ilitoka Mei 1991, ikiwa imerekodiwa na mtayarishaji Butch Vig kwenye studio yake ya Smart, Madison, jimbo la Wisconsin. Ukiiweka, sauti ya kwanza kabisa unayoisikia ni dramu. Miezi minne baadaye Vig huyohuyo alitoa kazi nyingine aliyoisimamia, Nevermind ya bendi ya Nirvana, na dunia ikageukia huko. Kwa anayetaka kujifunza, albamu hizi mbili za mwaka mmoja na mtayarishaji mmoja ni darasa tosha. Dave Grohl wa Nirvana anapiga kama anayegongomelea misumari ya inchi sita, na kila msumari unaingia wote. Sisemi ni duni. Kuna siku namtaka yeye tu. Chamberlin, kwenye wimbo wa uzito uleule, anapita katikati ya misumari akiacha vumbi la mapigo madogo ambayo huyasikii moja moja lakini yakiondolewa unahisi chumba kimekuwa kitupu.

Hapa tufike kwenye kiini cha jambo, ambacho ni cha kifundi kidogo. Gitaa la roki lenye mkwaruzo linapatikana kwa kulisukuma umeme kupita uwezo wa amplifaya, mashine inayokuza sauti yake. Sauti inagonga dari na kukatwa kichwa. Matokeo yake, piga uzi kwa nguvu au piga kwa upole, kinachotoka kina ukubwa karibu sawa. Mkwaruzo hula ngazi. Ndiyo maana gitaa la namna hiyo husikika kama ukuta: halipandi, halishuki. Sasa Corgan hakuridhika na ukuta mmoja. Kwenye Siamese Dream ya 1993 alipanga magitaa juu ya magitaa. Wimbo mmoja tu, Soma, una tabaka za gitaa zinazofika 40. Kuta arobaini, zote zimegonga dari.

Katika msitu huo ni nani aliyebaki na ngazi? Ni dramu tu. Ngozi na bati havijakatwa kichwa. Pigo dogo ni dogo, kubwa ni kubwa. Mpiga dramu anayejua sauti moja tu, ile ya juu, angeongeza ukuta wa 41 na wimbo ungekufa kwa uzito. Mpiga dramu mwenye ngazi kumi anaufanya ule ukuta wote uonekane unapumua, ilhali anayepumua ni yeye. Sikio lako linadhani magitaa yamepanda, kumbe snea ndiyo iliyotoka kwenye mnong'ono ikaja juu polepole ikayabeba.

Mfano mzuri ni mwanzo wa wimbo unaofungua albamu hiyo, Cherub Rock. Snea inaanza peke yake na mvumo mfupi, kama bendi ya polisi inayojiandaa kwa gwaride la sikukuu ya taifa. Mvumo unakatika, unarudi. Gitaa moja linaingia, bado halijakwaruza. Kisha besi. Dramu inazidi kujaa, na magitaa mazito yanapokuja kupasua, tayari umeshavutwa hadi ukingoni. Mvumo ule ni rudimenti tupu, mapigo mawili-mawili kila mkono, kitu cha mwaka 1933. Hakuna swingi ndani yake, hakuna ti-ka-tiing. Mtu akitafuta mtindo wa jazz hapo hataupata. Atakachopata ni malezi yake.

Kuhusu swingi yenyewe niseme neno, kwa sababu nayo ipo ila imejificha. Katika jazz pigo haligawanywi nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ni ndefu, ya pili ni fupi, kama mtu anayechechemea kwa madaha. Roki hugawa sawa kwa sawa. Chamberlin hukaa katikati ya hizo mbili, na mapigo yake ya mnong'ono huchechemea kidogo chini ya mdundo ulionyooka. Ndiyo maana wapiga dramu chipukizi wanaojaribu kuiga nyimbo zake kutoka kwenye maandishi wanalalamika kwamba noti wamepiga zote na bado siyo yenyewe.

Siamese Dream ilirekodiwa Georgia, mbali na nyumbani, na moja ya sababu haikuwa ya kimuziki. Chamberlin alikuwa mtumiaji wa heroini, na bendi ilitumaini kwamba akiwa mbali na watu wanaomuuzia atatulia. Hakutulia, alipata wauzaji wapya, na kuna wakati alipotea siku kadhaa bila taarifa. Albamu ilitoka ikaingia kumi bora za Marekani. Mambo hayo mawili yalienda pamoja kwa miaka mitatu.

Mwaka 1995 ikaja Mellon Collie and the Infinite Sadness, albamu mbili kwa moja, nyimbo 28. Mtayarishaji Flood aliwalazimisha wakae chumbani kila siku wapige pamoja badala ya kujenga kila kitu tofali kwa tofali studio, na kwa mpiga dramu mwenye sikio la jazz hiyo ilikuwa sawa na kumrudisha samaki majini. Tonight, Tonight, wimbo wenye wapigaji 30 wa ala za nyuzi kutoka okestra ya Chicago, hauna mdundo wa roki hasa. Una snea inayovuma kama farasi chini ya violini. Na 1979, ambao ndio wimbo wao uliopendwa na hata wasiopenda roki, umejengwa juu ya kipande cha mdundo kinachojirudia kama mashine. Mtu mwenye mikono ile alikubali kukaa nyuma ya kipande hicho. Mimi huuhesabu huo kuwa ushahidi kwamba alikuwa anasikiliza.

Usiku wa Julai 11 kuamkia 12, 1996, katika hoteli moja New York, Chamberlin na Jonathan Melvoin, aliyekuwa mpapasa kinanda wa ziara, walijidunga heroini. Wote wawili walizimia. Chamberlin alizinduka. Melvoin, mwenye miaka 34, alikufa. Siku chache baadaye bendi ikatangaza kumfukuza Chamberlin. Kuna wanaoandika kisa hiki kama sehemu ya hadithi ya kuvutia ya roki. Sioni cha kuvutia. Mtu alikufa, naye alikuwa na familia.

Ziara ikaendelea na mpiga dramu mwingine, Matt Walker. Kisha mwaka 1998 Smashing Pumpkins wakatoa Adore, na hapa bahati mbaya ikatupa jaribio ambalo katika muziki ni nadra kulipata. Mtunzi ni yuleyule, sauti ileile, gitaa na besi walewale, na aliyeondolewa ni mmoja tu. Nini kinapungua?

Adore si albamu mbaya, na kuna watu wazima wenye akili zao wanaoiona kuwa bora kuliko zote. Corgan alikuwa amefiwa na mama yake na ndoa yake imevunjika. Hakuwa na haja ya ngurumo. Nyingi ya nyimbo zinategemea mashine za midundo, na pale penye dramu halisi wapo wapigaji mbalimbali wazuri. Lakini sikiliza umbo. Gish ilianza na dramu, Siamese Dream ikaanza na dramu. Adore inaanza na gitaa lisilo la umeme, polepole, na nyimbo zake nyingi hukaa kwenye urefu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kama maji kwenye beseni. Na angalia Corgan alichofanya na magitaa yake: aliyaondoa mengi. Zile kuta arobaini hazikujengwa. Wengi husema alibadilisha ladha, na huenda ni kweli. Mimi nasema pia kwamba alijua hakuna tena wa kuzipumulisha. Mashine ilikuwa imerudi, ile ambayo mwenye Metro aliikataa miaka kumi nyuma.

Kufikia 1999 Chamberlin alikuwa amerudi, amepona. Machina ilitoka Februari 2000 ikiwa na kuta zake tena. Desemba 2 mwaka huo bendi ilivunjika kwa onyesho la mwisho la zaidi ya saa nne, palepale Metro.

Yaliyofuata ni ya kwenda na kurudi, sitakuchosha nayo yote. Alikuwa na Corgan kwenye bendi ya Zwan hadi 2003, wakaifufua Smashing Pumpkins, akaondoka tena Machi 2009. Akaongoza kampuni ya teknolojia ya muziki Chicago kama mkurugenzi mtendaji, jambo ambalo ukifikiria wapiga dramu wengi unaowajua halikosi kukuchekesha. Mwaka 2015 akarudi jukwaani na Corgan, na tangu 2018 yeye, Corgan na Iha wako pamoja. Albamu yao ya magitaa, Aghori Mhori Mei, ilitoka Agosti 2024.

Pembeni ya hayo yote aliirudia jazz kwa jina lake. Mwaka 2005 alitoa Life Begins Again chini ya jina la Jimmy Chamberlin Complex, kazi iliyoko kati ya roki na jazz ya umeme. Mwaka 2014, akiwa na miaka 50, aliungana na mpuliza saksafoni Frank Catalano wa Chicago katika rekodi waliyoiita Love Supreme Collective, salamu kwa John Coltrane, gwiji wa saksafoni. Coltrane aliirekodi albamu yake A Love Supreme Desemba 1964, miezi sita baada ya Chamberlin kuzaliwa, na aliyekaa kwenye dramu siku hiyo alikuwa Elvin Jones. Mwaka 2017 ikaja The Parable, safari hii karibu jazz tupu, yenye piano, saksafoni na besi ya Billy Mohler.

Kusema kweli, rekodi hizo za jazz hazijanishika kama nyimbo zake za roki. Katika The Parable kila mmoja ana ngazi zake kumi. Mpuliza saksafoni anapanda na kushuka, piano inapanda na kushuka, na dramu inakuwa mmoja kati ya wazungumzaji wenye adabu. Anapiga vizuri, kwa upole, na kwa mara ya kwanza anasikika kama wengine. Kwenye Siamese Dream alikuwa peke yake mwenye uwezo wa kunong'ona katika nyumba ya watu waliokuwa wakipiga kelele.

Anayetaka kuhakikisha atafute Soma, dakika mbili za mwanzo, kabla magitaa mazito hayajaja. Dramu iko chini sana, karibu haipo: toazi linaguswa, snea inakunwa. Asitumie spika ya simu. Spika hizo huyala mapigo ya mnong'ono yote, na utakachobaki nacho ni mbili na nne.